Tupeane uzoefu: mechi ya kufuzu WAFCON ambayo hutaisahau

Mbagala Kuu (mleta mada)

Wadau, salaam. Naomba tukusanye hapa kumbukumbu zetu za mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake (WAFCON), na zile za Kombe la Dunia la mabinti pia. Fainali zenyewe zina kamera za kutosha. Hizi za mchujo ndizo zinazopotea. Nyingi zinachezwa siku za kazi, nyingine hazionyeshwi popote, na ukizitafuta baadaye unakuta matokeo tu. Dakika 90 nyumbani, 90 ugenini, ukitolewa unaanza kusubiri upya. Kama ulikuwa uwanjani, kambini, kwenye redio au kwenye simu ya jirani, leta.

Naanza mimi. Septemba 2023, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, na Ivory Coast, Azam Complex, Chamazi. Kule kwao tulikuwa tumefungwa 2-0. Nilipoaga kazini mwenzangu akauliza, "Leo anacheza nani, Simba au Yanga?" Nikamwambia Twiga Stars. Akasema, "Si wameshafungwa mbili hao?" Ndiyo, wameshafungwa mbili, na wapinzani walishacheza Kombe la Dunia 2015, wakati sisi fainali za Afrika tulikuwa tumezionja mara moja tu, 2010 kule Afrika Kusini.

Nilikaa nyuma ya goli. Pembeni yangu kulikuwa na mabinti wa timu moja ya mtaani, wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu hivi. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi: kila mmoja amwangalie mchezaji anayecheza nafasi yake, asifuate mpira. Aliyekaa karibu nami alikuwa beki wa kushoto. Akawa ananielekeza, "Dada, ona, akipanda yeye, kiungo anashuka kumzibia." Nikaanza kuangalia hivyo na mimi, na sijawahi kuuona mpira vile. Bao la pili lilipoingia uwanja mzima ulisimama. Yeye alipanda juu ya kiti apate kumwona beki wake. "Hajaenda kushangilia," akaniambia, "anawapanga wenzake."

Jumla ikawa 2-2, tukaenda kwenye penalti, tukapita. Mkwaju wa mwisho sikuuona. Binti alikuwa amenishika kiuno, ameficha uso kwenye kanga yangu, na mimi nikajikuta nimeinama kumfunika. Kelele za watu ndizo zilizoniambia.

Kipa wa Akiba

Dada Mbagala, shikamoo, umenigusa pabaya. Yangu si ya uwanjani.

Niliitwa kambini mara moja, miaka mingi imepita, naomba nisiitaje timu. Makipa tulikuwa wanne na nafasi za safari zilikuwa mbili. Siku ya kusoma orodha kocha alianza na makipa, kama kawaida, kisha mabeki, viungo, washambuliaji. Beki akikatwa anakuwa na muda wa kujiandaa. Kipa unajua ndani ya sekunde kumi, halafu unakaa palepale kusikiliza majina ya wenzako hadi la mwisho, na kila jina unalipigia makofi. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Usiku kipa namba moja alinifuata bwenini. Glavu zake zilikuwa zimechanika kwenye kiganja, na jozi mpya tuliyoahidiwa haikuwa imefika. Akaniomba zangu. Nilikuwa na jozi hiyo moja, niliyonunuliwa na kaka yangu. Nilikaa nazo mapajani muda mrefu kidogo, wadau, siwafichi. Kisha nikampa.

Mechi niliisikiliza redioni nyumbani kwa mama. Kila mtangazaji aliposema kipa ameruka, nilijikuta nimefumba mikono. Walitolewa. Baada ya wiki mbili glavu zilirudi zimefuliwa, ndani ya ya kulia kuna kikaratasi: "Zimeokoa nne. Tano ingekuwa kosa langu, si lake." Hadi leo sijajua alimaanisha nini kwa "lake", lakini kikaratasi ninacho. Sasa hivi nafundisha makipa wa kike, na kila anayekuja na jozi moja namtafutia ya pili kabla ya kitu kingine chochote.

Mnazi wa Starlets

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Mimi ni Mkenya, na kwetu hadithi ya kufuzu ni ndefu.

Mwaka 2016 Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walifika fainali kwa mara ya kwanza, zilizofanyika Cameroon. Walipoteza mechi zote tatu za makundi, lakini wasichana wa shule niliyokuwa nikifundisha waliendelea kuzizungumzia muhula mzima. Juni 2018 nikawabeba kumi na wanne hadi Machakos kuwatazama Starlets wakicheza na Equatorial Guinea. Tulishinda 2-1. Mkondo wa pili tukalala 2-0 kule Malabo, jumla 3-2, basi, tumetoka.

Oktoba habari ikaja: Equatorial Guinea wameondolewa kwa kuchezesha mchezaji asiyestahili, Kenya inachukua nafasi yao kwenda Ghana. Wasichana wangu walichora ramani ya Ghana kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani. Starlets wakaingia kambini. Ikiwa zimebaki siku chache tu mashindano yaanze, rufaa ikapita na Equatorial Guinea wakarudishwa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani ni nani aliyeshinda ile mechi tuliyoenda?" Nikamwambia ile ya Machakos tulishinda sisi, niliiona kwa macho yangu. Equatorial Guinea walikwenda Ghana wakafungwa mabao 18 katika mechi tatu. Sikufurahi hata kidogo. Wachezaji wao nao walikuwa wamepelekwa wakiwa hawajui kama wanaenda au hawaendi. Kwa timu hizo mbili, hakuna aliyejiandaa kama inavyostahili.

Kufuzu kwa fainali za 2022, Starlets waliwafunga Sudan Kusini mabao 15 kwa jumla, kisha hawakucheza mzunguko wa mwisho kabisa. Uganda wakapita bila kugusa mpira. Mabao 15 yakayeyuka.

Ndiyo maana Oktoba 2025 pale Nyayo, tulipowafunga Gambia 3-1, sikushangilia. Jirani yangu kwenye jukwaa alidhani mimi ni Mgambia. Tulipomaliza kazi mkondo wa pili kwa 1-0, chini ya kocha Beldine Odemba, nilisubiri siku tatu nzima kabla ya kumpigia simu yule mwanafunzi aliyeniuliza swali. Sasa ni muuguzi Kisumu. Nilimwambia, "Tumefuzu." Akajibu, "Mwalimu, ngoja kwanza tusikie rufaa."

Mbagala Kuu

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Hilo swali la "nani aliyeshinda ile mechi" nimelisoma mara tatu.

Naongeza la upande wetu, maana na sisi tulionja kusubiri: Twiga Stars walifuzu Desemba 2023, na fainali zenyewe zikaja kuchezwa Julai 2025, Morocco. Mwaka mmoja na nusu umefuzu na hujacheza. Kuna mchezaji anaweza kufuzu akiwa kwenye kiwango chake bora kabisa na fainali zikamkuta anauguza goti. Wenye uzoefu wa kambi, hebu tuambieni jinsi miili inavyohimili haya.

Mchua Misuli

Kwa kuwa umeuliza, dada. Nimefanya kazi ya kuchua misuli na huduma ya kwanza kwenye timu za wanawake kwa miaka kadhaa, safari za mchujo nimekwenda nne.

Watu wanadhani ugenini tunaumizwa na kelele za mashabiki. Mechi nyingi za mchujo za wanawake hazina hata hao mashabiki. Kinachoumiza ni kusafiri. Ndani ya Afrika, kutoka mashariki kwenda magharibi unaweza kubadilisha ndege mara mbili na kulala kwenye viti vya uwanja wa ndege. Mchezaji anatua miguu imevimba, na mechi ni baada ya siku mbili. Kazi yangu kubwa nimeifanya kwenye sakafu za viwanja vya ndege: nawalaza chali, miguu juu ya masanduku ya jezi, dakika ishirini ishirini, kwa zamu. Abiria wengine wanapita wanashangaa.

La pili halisemwi, na mimi nitalisema. Hedhi. Timu ya wachezaji ishirini na wachache, siku ya mechi lazima wapo walio kwenye siku zao. Safari yangu ya kwanza bukta zilikuwa nyeupe. Kiungo mmoja, mchezaji hodari sana, alicheza kipindi cha kwanza bila kuteleza chini kukaba hata mara moja, na kocha akawa anamfokea kwamba anaogopa. Mapumziko nilimfuata chooni akanieleza. Nilimwendea kocha, mtu mzima, baba wa watu, nikamwambia wazi. Alinyamaza, akatoka, akarudi na bukta za mazoezi, nyeusi. Kanuni hazikuruhusu timu ivae rangi mbili, kwa hiyo ikabidi avae nyeusi hizo chini ya nyeupe, nyeupe zikunjwe, na mwamuzi akatazama akatuacha. Kipindi cha pili yule binti alikaba kama simba.

Toka siku hiyo nilianza daftari. Kila mchezaji ananiambia tarehe zake mwenyewe, kwa hiari, na hakuna mwingine anayelisoma. Nabeba pedi za kutosha timu mbili, maana mara mbili nimezitoa kwa wapinzani. England walipobadili bukta zao kutoka nyeupe kwenda bluu mwaka 2023 ulimwengu ulizungumza. Nilifurahi, ila nilimkumbuka kiungo wangu.

Bibi wa Mjini Magharibi

Assalaam aleikum. Mie mtu mzima, mpira sikuwa nikiujua. Mjukuu wangu ndiye alonitia. Juni 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, walikuja kucheza na Cameroon uwanja wa Amaan, hapa Zanzibar, kutafuta Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 India. Kule Yaoundé walishashinda 4-1. Mjukuu akanambia, "Bibi, leo hata tukifungwa mawili tunakwenda." Nikamuuliza, sasa kama ni hivyo mbona unatetemeka?

Tukashinda 1-0. Wakatoka watoto wale wakazunguka uwanja, mmoja akapita karibu yetu analia, nami nikalia, wala hatujuani. Timu ya mwanzo ya soka ya Tanzania kufuzu Kombe la Dunia la FIFA ilikuwa ya watoto wa kike, na ilifuzia hapa kwetu. Huko India wakawafunga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali. Mjukuu wangu sasa anacheza skuli. Baba yake alikataa mwanzo. Nilimwita nikamkalisha chini, nikamsimulia ya Amaan. Hajarudi tena kulikataa.

Abiria wa Nzega

Shikamoo bibi. Yangu ni ya barabarani.

Desemba 2023, mchezo wa marudiano Lomé. Chamazi tulikuwa tumewafunga Togo 3-0, na kila mtu aliyeniuliza nilimwambia kazi imekwisha. Siku ya marudiano nilikuwa kwenye basi, Mwanza kwenda Dodoma. Mdogo wangu wa Dar alikuwa ananitumia ujumbe. Togo wakapata la kwanza. Sikushtuka. Tukapita Nzega, mtandao ukakata. Uliporudi ujumbe ulisema 2-0, na bado mpira unaendelea. Mtandao ukakata tena.

Sijawahi kuichukia barabara kama siku ile. Nilikuwa nimeinua simu juu dirishani kama naianika juani. Mzee aliyekaa pembeni yangu akauliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia, hapana mzee, ni Twiga Stars, wakifungwa la tatu wanaingia penalti, wakifungwa la nne tumekwisha. Akainua na yeye simu yake, ya tochi, akaishika juu. Hakuuliza itasaidia nini.

Karibu na Igunga ujumbe ukaingia. Ulikuwa na maneno mawili: "Tumefungwa. Tumefuzu." Nikapiga kelele. Mzee akanitazama.

"Mmefungwa, unashangilia nini?"

Nikamweleza: tatu zetu za nyumbani, mbili zao za kwao. Akahesabu kwa vidole, mkono huu tatu, mkono huu mbili, akavitazama.

"Kwa hiyo kimebaki hiki kimoja."

"Ndicho hicho mzee."

Akageuka kwa konda akiwa bado ameinua kile kidole. "Konda, waambie na wa nyuma."