Lushoto kutoka Mombasa: mwezi gani wafaa zaidi?

BintiKibokoni:
Assalaam aleikum jamaa. Tuko watu sita, mmoja ni mama yetu wa miaka 68 mwenye maumivu ya magoti. Twataka kwenda Lushoto, kule milima ya Usambara Tanzania, siku nne, tupumue hewa ya mlima na tuone mandhari kutoka mwamba wa Irente. Hatuna watoto wa shule, mwezi wowote twaweza. Watu wengi wasema Julai kwa sababu ya baridi. Ni sawa? Tuna gari la viti saba, la kawaida, si la kupandia matope.

MzeeWaKusi:
Waaleikum salaam dada. Baridi usiitafute, iko mwaka mzima. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila mita 100 unazopanda joto hushuka zaidi ya nusu digrii. Kwa hivyo hata Februari utapata hewa iliyo chini ya ya Mombasa kwa digrii 8 au 9. Kinachobadilika ni ukungu na barabara.

Ukungu waletwa na kusi. Upepo huo hutoka baharini umebeba unyevu, ukigonga Usambara hauna njia ila kupanda, na ukipanda hupoa ukawa wingu. Ndiyo sababu Juni hadi Agosti Tanga yaweza kuwa jua kali na juu kule manyunyu. Irente saa moja asubuhi miezi hiyo, mwamba umelowa, na mbele ya vidole vya miguu ni weupe mtupu. Wingu huanza kupasuka saa nne au saa tano, ndipo Mazinde inapotokeza chini na mashamba yake ya mkonge yaliyopangwa mistari. Anayefika mapema akaondoka saa tatu atasema Irente haina kitu.

Mimi nasema nusu ya pili ya Januari. Vuli imekwisha, masika bado, njia kavu, na plamu na mapichesi yako sokoni. Isitoshe, ndio wakati Mombasa yenyewe inapotuchoma. Lakini tazama kalenda: mwaka 2027 Ramadhani yatarajiwa karibu tarehe 8 Februari, na miaka inayofuata itarudi nyuma mpaka Januari. Hesabu siku zako kabla ya hapo.

Machi mwishoni hadi Mei usiende.

KonaZaSoni:
Naongezea upande wa gari. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Wakati wa masika mawe na udongo huporomoka barabarani, kwa hivyo usipande usiku. Njia za pembeni, ya Irente ikiwemo, ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukikauka ni vumbi, ukilowa huteleza kama sabuni, na gari lenu likiwa na watu sita halitapanda.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kuteremka. Dereva wa pwani amezoea tambarare, hukanyaga breki mfululizo. Breki zikipata moto sana hupoteza nguvu, utasikia harufu ya kuungua kisha kanyagio linazama. Teremka kwa gea ya pili, ya otomatiki weka L au 2, acha injini ishike gari, na breki uguse kwa vipindi. Ukisikia ile harufu simama Soni, mji mdogo ulio njiani, nusu saa. Maji usizimwagie breki.

Shamba_la_Ndara:
Januari sawa, ila Septemba msiidharau. Kusi imelegea, vuli haijaanza, na nyumba za wageni hazijajaa. Kasoro yake ni vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa nyikani, hivyo ukiwa Irente upeo wa mbali huwa na ukungu wa kijivu. Mwenye kutaka kutembea msitu wa Magamba, Septemba yamtosha kabisa.

Desemba kuanzia tarehe 20 hapana. Watu wa Kilimanjaro na Usambara wanarudi kwao, na barabara ya Segera kwenda Mombo hujaa mabasi.

BintiKibokoni:
Ahsanteni sana. Mama je, magoti yake? Na mpakani twahitaji nini?

MzeeWaKusi:
Mama asipelekwe Julai. Usiku joto laweza kushuka hadi karibu digrii 10, na nyumba nyingi hazina kipasha joto. Mwezi wowote, kabla ya kulipa chumba uliza mambo matatu: maji ya moto hutoka saa ngapi, mablanketi ni mangapi kwa kitanda, na kuna ngazi ngapi mpaka mlangoni. Hilo la ngazi watu husahau, na nyumba za kule zimejengwa mtelemkoni. Leso peke yake haitoshi, mchukulieni sweta na soksi za sufu.

Lunga Lunga kila mtu awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha homa ya manjano kiwe karibu. Gari lichukulieni bima ya kuvuka mpaka, ile ya kadi ya njano ya COMESA, kabla ya kuondoka. Piteni barabara ya Dongo Kundu badala ya kungoja feri Likoni, muwe mpakani mapema, maana Horohoro, Tanga, Segera, Korogwe mpaka Mombo ni safari ya siku nzima na Soni mwataka kupanda kungali na mwangaza.

KonaZaSoni:
Mkiona saa kumi na moja imewakuta Korogwe, laleni hapo hapo. Mpande asubuhi.