Waliostaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, tupeane uzoefu

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Morogoro. Niliajiriwa Julai 1996 na mwakani natimiza miaka 55, umri ambao sheria inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari. Nikinyamaza, naenda hadi 60 kwa lazima. Nimechoka, nasema kweli, lakini sitaki kuandika barua kubwa namna hii kwa sababu ya uchovu wa muhula mmoja.

Hesabu yangu ni hii, anayejua anisahihishe. Kikokotoo cha sasa, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kinachukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora, kinazidisha kwa miezi ya utumishi, kinagawa kwa 580. Ni mshahara wenyewe tu unaohesabiwa, posho hazimo. Tuseme wastani wangu ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Kwa miezi 360 inatoka karibu 8,938,000, ndiyo pensheni yangu kamili ya mwaka. Sisi tuliokuwa PSPF na LAPF, ile mifuko ya zamani ya pensheni ya watumishi wa umma, mkupuo wetu (hela inayolipwa mara moja ukistaafu) sasa ni asilimia 40, tangu bajeti ya 2024/25, na hiyo asilimia 40 inazidishwa kwa 12.5. Mkupuo unakuja kama milioni 44.7. Asilimia 60 inayobaki ukiigawa kwa miezi 12 ni kama 447,000 kila mwezi.

Nikivumilia hadi 60, miezi inakuwa 420. Wastani ukipanda ukafika 1,400,000, mkupuo ni kama milioni 60.8 na pensheni ya mwezi 608,000. Na katikati hapo kuna mishahara ya miaka mitano. Kwa karatasi, kubaki kunashinda. Lakini wapo wenzangu niliowazika wakiwa na 58. Waliotangulia, naomba mnieleze ilivyokuwa, kuanzia siku ya barua hadi hela ilipoingia, na maisha ya baada ya hapo.

Muuguzi mstaafu, Mbeya

Mwalimu, pole na kazi. Mimi niliondoka na 55 mwaka 2023, na ningeulizwa leo ningeondoka tena.

Nilikuwa wodi ya wazazi. Zamu za usiku zilinimaliza magoti, ikafika mahali kumwinua mama kutoka kitandani nahitaji mtu wa kuniinua mimi. Sikutaka kufika mahali nikamdondosha mtoto wa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu, na kila mtu aipime yake kabla ya kufungua kikokotoo, kwa sababu hesabu peke yake karibu siku zote itakwambia ubaki.

Sasa nikuambie kitu ambacho hakimo kwenye hesabu yako: faili. Barua ya kusudio la kustaafu inaandikwa miezi sita kabla, unaipitisha kwa mkuu wako wa kituo iende kwa mwajiri. Ila mimi nilianza na faili mapema zaidi ya hapo. Nilimwomba mtu wa masjala anitolee faili langu, nikakaa naye mezani tukalipekua ukurasa kwa ukurasa. Barua ya ajira ya kwanza ilikuwepo, imepigwa taipu, wino umefifia hadi namba ya kumbukumbu inasomeka kwa kuielekeza dirishani. Barua ya kuthibitishwa kazini haikuwepo. Utumishi wote ule, nimepanda vyeo, na ile karatasi moja haipo! Bahati nzuri nilikuwa na nakala yangu nyumbani, nikaipeleka ikagongwa muhuri ikaingizwa.

Jambo la pili ni tarehe ya kuzaliwa. Inayofuatwa ni ile uliyojaza ulipoajiriwa mara ya kwanza. Mwenzangu wa chumba cha dawa alikuwa na mwaka mmoja kwenye fomu ya ajira na mwaka mwingine kwenye kitambulisho cha taifa. Alisota sana. Linganisha vyeti vyako vyote leo, jina na tarehe, herufi kwa herufi. Jina la baba likiandikwa Mohamed hapa na Muhammad pale, utaitwa kuapa.

Wakati wangu mkupuo ulikuwa asilimia 33 kwa wote, ndiyo kanuni ya Julai 2022. Kwa hiyo niliondoka na kidogo mkononi, ila cha mwezi kikawa kinono zaidi. Watu walinionea huruma. Mimi sasa nakiona kile cha mwezi ndicho kinachonilisha. Kinaingia, hakina zamu ya usiku, na wala hakijui kama mvua imenyesha au la.

Mstaafu wa 2017

Ngoja niwawekee kumbukumbu ili vijana waelewe kelele za kikokotoo zilitoka wapi. Sisi wa PSPF tulikuwa tunagawa kwa 540, tunachukua nusu kwa mkupuo, na kizidisho kilikuwa 15.5. Mtu wa mshahara wa milioni moja na miezi 360 alitoka na milioni 62 mkononi na pensheni ya kama 333,000 kwa mwezi. Mifuko ikaunganishwa Agosti 2018 ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, ikaja kanuni ya asilimia 25, watu wakalia, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaisimamisha. Ndipo baadaye tukafika 33, na sasa 40. Kwa hiyo mwalimu, usilinganishe mkupuo wako na wa kaka yako aliyestaafu zamani. Utaumia moyo bure.

Bwana shamba, Dodoma

Muuguzi kagusa faili, mimi naongeza michango. Hapa naomba mnisome taratibu maana hili limewatesa wengi.

Nilianzia halmashauri, huko nilikuwa LAPF. Nikahamishiwa wizarani, nikaingia PSPF. Baadaye mifuko ikawa mmoja. Kila mwezi mimi nakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15, jumla 20. Nilipofikisha 53 nikaomba taarifa ya michango yangu. Nikakuta shimo. Miezi kadhaa ya kipindi cha uhamisho haionekani popote. Kwenye hati ya mshahara nimekatwa, kwenye mfuko hakijafika.

Nilichokuwa nacho ni sanduku la bati. Mke wangu alikuwa na desturi ya kutunza hati zangu zote za mshahara, zile ndefu za kompyuta zenye matundu pembeni, amezifunga kwa uzi kwa miaka. Tukazimwaga sakafuni, tukazipanga, tukatoa za miezi ile. Nikabeba nakala kwa mwajiri wa zamani, nikabeba nyingine kwenye mfuko. Mwajiri alianza kwa kusema hana kumbukumbu. Nikamwekea hati mezani, cheki namba yangu, ile namba ya mtumishi, iko juu na kato liko chini. Ilichukua muda mrefu na barua nyingi, lakini ile miezi ilirudi.

Kumbukeni miezi ndiyo inayozidishwa. Kwa mshahara kama wa mwalimu hapo juu, mwaka mmoja ukipotea ni karibu milioni moja na nusu ya mkupuo, na kama shilingi elfu kumi na tano kila mwezi hadi unaingia kaburini. Ingekuwa nimeshastaafu ndipo nigundue, nauli ya kufuatilia ningeitoa wapi?

Siku hizi kuna programu ya simu ya PSSSF Kiganjani, unaangalia michango kwenye simu. Angalieni sasa hivi kabla hamjaendelea kusoma.

Mtumishi, Singida

Samahani kuingilia wakubwa zangu. Mimi nina 48, nimechoka kuliko mwalimu. Nikiacha kazi leo naweza kuchukua changu nikafanye biashara?

Afisa utumishi

Mdogo wangu, tulia. Kuacha kazi na kustaafu ni vitu viwili. Kustaafu kwa hiari kunaanzia 55, na pensheni inataka uwe umechangia miezi isiyopungua 180. Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi, liliondolewa kwa sheria ya 2018. Kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, ila hilo ni la aliyepoteza kazi bila kupenda. Aliyeandika barua ya kuacha mwenyewe halimhusu. Kama ni ugonjwa, ipo njia ya kustaafu kwa sababu za kiafya kupitia bodi ya madaktari, na hapo unaanzia kwa daktari wako, kwangu unakuja na maoni yake. Kama ni uchovu, omba likizo yako uliyoilimbikiza, halafu tuzungumze. Tafadhali usiandike barua ukiwa na hasira.

Na mwalimu, usisahau kuulizia malipo ya kusafirisha familia na mizigo kwenda kwenu. Hayo analipa mwajiri, siyo mfuko. Watu wanasafiri kwa hela yao halafu wanakuja kuuliza baadaye.

Mke wa mstaafu, Kigoma

Asanteni kwa mada hii. Mume wangu alikuwa dereva serikalini, alistaafu kwa hiari. Nataka kusema la upande wa nyumbani, maana wanaume hamtalisema.

Kabla hela haijaingia tulikaa wawili tukakubaliana: hakuna ndugu atakayeambiwa kiasi wala tarehe. Watoto wenyewe hatukuwaambia. Tulikuwa na kiwanja na msingi, tukamalizia vyumba vinne vya kupangisha. Hapakuwa na gari, wala duka la jumla alilokuwa anashauriwa na kila mtu kijiweni. Pensheni tunakula, kodi ya vyumba inasomesha wa mwisho.

Ila wezi walijua kabla ya ndugu. Alipigiwa simu jioni, tuko jikoni, akaweka sauti ya juu. Mtu anaongea kistaarabu kabisa, anamwita kwa majina yote matatu, anataja idara aliyotoka na mwaka aliostaafu. Anasema kuna nyongeza ya mafao imekwama, inatakiwa laki mbili na nusu ya kuifungulia faili, itumwe kabla ofisi haijafungwa. Mume wangu alikuwa ameshashika kalamu aandike namba. Nikamwambia muulize, ofisi gani inafungwa saa mbili usiku? Simu ikakatwa. Kesho yake tulikwenda ofisi ya mfuko wenyewe tukaambiwa hakuna malipo ya aina hiyo, na kwamba mstaafu hatozwi chochote kulipwa haki yake. Wazee wetu wengi wamelizwa hivi. Ikikujia, kata simu, nenda ofisini kwa miguu yako.

Mwalimu mkuu mstaafu, Tanga

Mimi nilibaki hadi 60, nami nina sababu. Nilikuwa na watoto wawili chuoni na mkopo wa benki ambao makato yake yalikuwa yanaisha nikiwa na 58. Ukistaafu na deni, linakufuata kwenye mafao. Pia bima ya afya: baada ya kustaafu nimebaki nayo mimi na mke wangu, watoto wakatoka. Aliye na mtoto anayehudhuria kliniki kila mwezi alitazame hilo kwanza. Nisingekuwa na hayo mawili, ningeondoka na 55.

Mwalimu, Morogoro

Nimesoma yote, na mengine nimemsomea mwenzangu hapa. Mkopo sina. Bima ya mtoto wa mwisho inanipa mawazo, nitaiulizia. Jumatatu naanza na masjala kama alivyosema mama wa Mbeya. Bwana shamba, nina swali moja: sisi tulioajiriwa kabla ya PSPF kuanza Julai 1999, ile miaka ya nyuma ambayo hatukuchangia inaonekanaje kwenye taarifa? Kwangu michango inaanzia 1999, nimeogopa.

Bwana shamba, Dodoma

Usiogope, kaka. Kwenye orodha ya michango haitaonekana kwa kuwa hatukuwa tunakatwa, Hazina ndiyo ilikuwa inabeba pensheni. Lakini utumishi wako unahesabiwa tangu ulipoajiriwa, na serikali ilishatoa hatifungani (hati ya ahadi ya kulipa deni) ya shilingi trilioni 2.17 mwaka 2021 kwa ajili ya deni hilo la kabla ya 1999. Kinachokuthibitishia miaka hiyo ni barua ya ajira ya kwanza. Ndiyo maana mama wa Mbeya kakwambia uitafute. Ukiikuta, toa nakala ikagongwe muhuri, ya asili usimwachie mtu.