Naomba ushauri: kitabu nilichochagua kimegawa kikundi chetu

Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, tuna kikundi cha kusoma, watu sita tu, tunakutana Jumamosi kwa mama ntilie mmoja hapa Soweto. Zamu yangu ilipofika nikaleta riwaya ya Becky Albertalli ya mwaka 2015, Simon vs. the Homo Sapiens Agenda. Kijana wa kiume wa miaka 16 huko Georgia, Marekani, anaandikiana barua pepe za mapenzi na mvulana asiyemjua jina. Siku moja anasahau kufunga akaunti kwenye kompyuta ya shule, mwenzake anaziona, anamtishia kutoboa siri asipomsaidia kumpata msichana fulani.

Dada mmoja, mwalimu, alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha nikamwona anakifunga kitabu kwa gazeti kabla ya kupanda daladala. Kaka yetu mkubwa ndiye kanichosha: kakisoma chote kwa usiku mmoja (mwenyewe kakiri!), ila anasema kikijadiliwa yeye anajitoa. Mwingine yuko kimya tu, na huyo ndiye ananipa mawazo kuliko wote.

Hofu yao naielewa, sheria yetu tunaijua na meza za pale zimebanana, jirani anasikia kila neno. Lakini kukirudisha kabatini kimyakimya nako naona aibu.

Je, tuhamie nyumbani kwangu? Tujadili ucheshi na yale mambo ya kutishiana tu? Au nimfuate kwanza yule aliyenyamaza? Naombeni mawazo, matusi hapana.