Kudurusu matukio ya mwaka mzima kabla ya mchujo wa UPSC: nianzie wapi?

Mtahiniwa_Pune:

Habari zenu ndugu zangu. Ninajiandaa kwa mtihani wa utumishi wa umma wa India unaosimamiwa na UPSC, tume ya utumishi wa umma, ambao huanza na mchujo na kufuatiwa na mtihani mkuu; na sambamba nao nimejisajili kwa SSC CGL, mtihani wa kazi za serikali kuu kwa wahitimu wa shahada, na kwa mtihani wa maofisa wa benki wa IBPS. Familia yetu ina asili ya India na ilirejea huku kutoka Tanzania kwa nia ya kuishi moja kwa moja, kwa hiyo nimo katika kundi ambalo masharti ya UPSC yanaliruhusu kushindania baadhi ya nafasi, ingawa IAS (utawala) na IPS (polisi) ni za raia peke yao. Mambo mengi bado nayafikiri kwa Kiswahili, na ndiyo sababu nimeona nililete swali langu hapa.

Historia, jiografia na katiba nimeshazipitia na sina wasiwasi nazo sana. Kinachonitesa ni matukio ya sasa. Ninayo makusanyo ya kila mwezi kutoka kituo cha tuisheni, na juu yake nasoma gazeti kila asubuhi na kuandika muhtasari. Nikianza kuyadurusu, nikifika mwezi wa tatu ule wa kwanza umeshanitoka kichwani, na mchujo unakaribia. Naomba mnisaidie katika mambo matatu. Je, niyasome makusanyo yote upya, au kuna njia ya kuyapunguza bila kupoteza cha maana? Je, niache gazeti katika wiki hizi za mwisho? Na je, daftari moja linaweza kutosha kwa mitihani yote mitatu?

Mwalimu_Nagpur:

Ndugu Mtahiniwa, nimewafundisha wanaojiandaa kwa mitihani hii kwa muda mrefu, na malalamiko yako nayasikia kila msimu. Makusanyo yako yamepangwa kwa miezi, ilhali mtihani umepangwa kwa mada, na ndiyo maana kila unapofungua mwezi mpya akili yako inalazimika kurukia katiba, kisha wanyamapori, kisha benki, kisha vyombo vya anga, bila kupata pa kuvishikiza. Kabla hujadurusu chochote, yavunje makusanyo hayo. Fungua sehemu za daftari kwa kufuata mtaala wenyewe wa UPSC: katiba na utawala, uchumi, mazingira, sayansi na teknolojia, uhusiano wa kimataifa, jamii na utamaduni. Kila habari ihamie kwenye sehemu yake, na isiyopata sehemu uiache bila kuionea huruma, kwani kama huwezi kusema inagusa mada gani ya mtaala, ni vigumu mtungaji wa maswali aione kuwa ya maana.

Nieleze kwa mfano mmoja, kwa kuwa jambo hili likieleweka vizuri kazi iliyobaki ni ya mikono tu. Tarehe 17 Septemba 2022 duma wanane kutoka Namibia waliachiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kuno, jimbo la Madhya Pradesh, na Februari 2023 wakafuata wengine kumi na wawili kutoka Afrika Kusini. Wengi huandika sentensi hiyo moja na kuendelea na habari nyingine. Lakini habari hiyo ni mlango tu. Nyuma yake kuna mto Kuno, ambao humwaga maji yake katika Chambal. Kuna mwaka 1952, duma alipotangazwa kuwa ametoweka India. Kuna tofauti kati ya duma wa Afrika, aliyeorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kuwa hatarini, na duma wa Asia, aliyebaki Iran peke yake na aliye katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Kuna mamlaka ya taifa ya kuhifadhi simbamarara, NTCA, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa mradi huo, ijapokuwa Kuno yenyewe si hifadhi ya simbamarara. Na kuna Mahakama ya Juu Kabisa ya India, ambayo mwaka 2013 iliagiza simba wa msitu wa Gir, jimbo la Gujarat, wahamishiwe Kuno na kukataa mpango wa duma wa Afrika, kisha mwaka 2020 ikaruhusu duma waletwe kwa majaribio. Ukiandika haya yote katika nusu ukurasa chini ya kichwa cha mazingira, umejiandaa kwa maswali ya jiografia, ya sheria na ya taasisi kwa wakati mmoja, na kila utakapolirudia neno Kuno mengine yatafuata yenyewe.

Nasisitiza hili kwa sababu mtindo wa maswali umebadilika. Karatasi ya kwanza ya mchujo ina maswali 100 yenye alama 200, na kila jibu lisilo sahihi hukugharimu theluthi moja ya alama za swali, maana yake makosa matatu humeza jibu moja sahihi. Zamani mtahiniwa aliyejua kauli moja kati ya tatu aliweza kuondoa machaguo mawili na kubahatisha kwa faida. Katika karatasi ya mwaka 2023 maswali mengi yaliuliza ni kauli ngapi kati ya zilizotolewa ni sahihi, bila kutaja zipi, na hapo anayejua kauli moja tu hana cha kuondoa. Ujuzi wa juujuu wa habari mia tano umeshuka thamani, na ujuzi kamili wa habari mia moja na hamsini umepanda.

Baada ya kuhamisha, durusu kwa kujiuliza, si kwa kusoma. Funika ukurasa, andika kwenye karatasi tupu yote unayoyakumbuka kuhusu kichwa hicho, kisha funua na usahihishe kwa rangi nyingine. Mara ya pili soma rangi hiyo tu. Hapo ndipo makusanyo hupungua kweli, kwa maana unayoyajua tayari hayatakula muda wako tena.

Karani_wa_Benki:

Namuunga mkono Mwalimu kuhusu UPSC, ila kuhusu daftari moja kwa mitihani yote mitatu ninataka kuongeza tahadhari, kwa kuwa mimi niliingia kazini kupitia IBPS na nikafanya pia ya SSC na ya reli.

Katika SSC CGL hatua ya kwanza una dakika 60 kwa maswali 100, na 25 kati ya hayo ni ya maarifa ya jumla. Katika RRB NTPC, yaani ule wa reli, hatua ya kwanza ni maswali 40 kati ya 100, kwa dakika 90. Maswali haya hujibiwa kwa sekunde chache au hayajibiwi kabisa, na muda unaookolewa hapo ndio unaokwenda kwenye hesabu. Wanachouliza ni jambo lenyewe: nani, wapi, lini, tuzo gani. Michezo, ambayo mtahiniwa wa UPSC huipita haraka, huku ina uzito. Ni lazima ujue kwamba katika Olimpiki ya Paris ya 2024 India ilipata medali sita, moja ya fedha ya Neeraj Chopra na tano za shaba, na kwamba Manu Bhaker alitwaa mbili kati ya hizo za shaba katika kulenga shabaha. Ujue pia kwamba Desemba 2024 D. Gukesh alimshinda Ding Liren huko Singapore na kuwa bingwa wa dunia wa sataranji akiwa na umri wa miaka 18. Mambo ya namna hii hayahitaji nusu ukurasa. Yaandike kwenye kadi ndogo na uyapitie kila siku kwa muda mfupi.

IBPS ni habari nyingine kabisa. Hatua ya mchujo haina matukio ya sasa hata kidogo, kwa kuwa hupima Kiingereza, hesabu na mantiki tu. Matukio huja kwenye mtihani mkuu, nayo huegemea uchumi na benki. Kwa hiyo usiyadurusu ya benki sasa ukayasahau kabla siku yake haijafika. Yatakapowadia, anza na misingi isiyobadilika ya Benki Kuu ya India, RBI: kamati ya sera ya fedha ina wajumbe sita, watatu wa benki na watatu wanaoteuliwa na serikali, na lengo la mfumuko wa bei ni asilimia 4, ukiruhusiwa kupanda hadi 6 au kushuka hadi 2. Kisha ndipo uweke juu yake yanayobadilika, kama riba ya repo, ambayo RBI huzitoza benki inapozikopesha, iliyokaa kwenye asilimia 6.50 kuanzia Februari 2023 hadi ilipopunguzwa kuwa 6.25 Februari 2025, na iliyoendelea kurekebishwa baadaye. Wiki ya mtihani, ingia kwenye tovuti ya RBI ukahakikishe kiwango kilichopo, kwani hata makusanyo mazuri huwa yamepitwa na wakati kwa jambo hili.

Binti_Bhopal:

Kuhusu gazeti, mimi nasema usiliache, ingawa najua wengi hushauri kinyume. Mtihani mkuu wa UPSC hauko mbali na mchujo: mwaka 2024 mchujo ulifanyika tarehe 16 Juni na mtihani mkuu ukaanza tarehe 20 Septemba. Aliyezima masikio kwa miezi miwili hujikuta anaanza upya wakati ambapo angepaswa kuwa anaandika majibu. Punguza tu. Soma ukurasa wa maoni na habari za taifa, acha siasa za vyama na ugomvi wa majukwaani, na usiandike muhtasari wa kila habari. Hakikisho la jambo la serikali litafute kwa PIB, ofisi ya habari ya serikali, na la muswada litafute kwa PRS, taasisi ya utafiti wa mambo ya bunge, ambao hueleza kila muswada kwa lugha nyepesi.

Hapo kwenye miswada ndipo wengi hupoteza alama wasizostahili kupoteza. Mfano ni sheria ya kuwatengea wanawake theluthi moja ya viti. Bungeni iliingia kama muswada wa 128 wa marekebisho ya katiba, na ilipopitishwa Septemba 2023 ikawa Sheria ya Marekebisho ya 106. Namba zote mbili zimo magazetini na zote zinaweza kuwekwa kwenye machaguo. Vilevile inahusu Lok Sabha, yaani baraza la chini la bunge, mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo na lile la Delhi. Rajya Sabha, baraza la juu, haimo. Na kutekelezwa kwake kumefungwa kwenye sensa na ugawaji mpya wa majimbo ya uchaguzi. Mtu aliyeandika kwamba wanawake wametengewa theluthi ya viti vya bunge anaamini anaijua habari hii, na swali la kauli tatu litamwonyesha kwamba aliijua nusu.

Jambo hilohilo lina upande wa mtihani mkuu. Uamuzi wa tarehe 15 Februari 2024 uliofuta hati za michango ya uchaguzi, zilizotumiwa kuvichangia vyama bila mchangiaji kutajwa, kwenye mchujo unakutaka ujue kwamba mahakama iliegemea ibara ya 19(1)(a) ya katiba, ya uhuru wa kujieleza, na haki ya mpiga kura kupata habari. Kwenye karatasi ya pili ya maarifa ya jumla unakutaka ujenge hoja kuhusu fedha za vyama na usiri wa mchangiaji. Ukiacha mistari mitatu mitupu chini ya kila habari kubwa kwa ajili ya hoja kama hizo, hutalazimika kuandika daftari la pili baada ya mchujo.

Mtahiniwa_Pune:

Nawashukuru sana nyote. Nimeanza kuhamisha sehemu ya mazingira na tayari naona tofauti. Limebaki jambo moja linalonitatiza: habari nyingine zinajirudia miezi mingi, kila mara zikiwa na hatua mpya. Nihamishe zote, au niache za zamani?

Mwalimu_Nagpur:

Hamisha hatua ya mwisho tu, na za kabla yake uziandike kwa mstari mmoja wa tarehe. Chukua sheria mpya za jinai. Makusanyo yako yatakuwa na kurasa za zilipowasilishwa, za kamati, za zilipopitishwa Desemba 2023 na za zilipoanza kutumika. Unachohitaji ni kwamba tangu tarehe 1 Julai 2024 Bharatiya Nyaya Sanhita imeshika nafasi ya kanuni ya adhabu ya 1860, Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita imeshika nafasi ya sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973, na Bharatiya Sakshya Adhiniyam ile ya ushahidi ya 1872, pamoja na mabadiliko makubwa machache yaliyomo. Mabishano ya wakati wa muswada yabaki kwa ajili ya mtihani mkuu kama una nafasi.

Kwa yale ambayo hesabu yake hubadilika, kama idadi ya ardhioevu za India zilizo chini ya Mkataba wa Ramsar, andika kwa penseli na uweke tarehe pembeni. Kisha tia nguvu kwenye yasiyobadilika: kwamba Chilika na Keoladeo ndizo zilizotangulia mwaka 1981, na kila ardhioevu mpya iko jimbo gani na karibu na mto gani. Ramani ya ukutani itakusaidia hapa kuliko daftari, kwa hiyo ukimaliza mazingira, tia alama za majina yote hayo juu yake kabla hujaanza sehemu ya uchumi.