Kuchagua filamu kwa majina ya waigizaji: kosa liko wapi?

Mtoa mada:

Baadhi ya wajuzi wa filamu wanashikilia kwamba mtu anayechagua filamu kwa kuangalia majina ya waigizaji, bila kujua mwongozaji ni nani wala hadithi imeandikwa na nani, hajui anachokitazama. Mimi ni mtazamaji wa kawaida, hutazama filamu mwishoni mwa juma nikipata nafasi, na majina ya waigizaji ndiyo ninayoyaangalia kwanza. Naipinga hoja hiyo na naomba tuijadili kwa mifano.

Tabia yenyewe si ngeni kwetu. Katika vibanda vya video, filamu nyingi hazikuitwa kwa majina yake; ilikuwa picha ya Van Damme au picha ya Amitabh, na aliyechelewa kuingia aliuliza kwanza steringi ni nani. Jina la mwigizaji lilikuwa ahadi ya aina fulani ya mapigano, machozi au nyimbo, na mtazamaji aliijua ahadi hiyo vizuri kiasi cha kulalamika isipotimizwa. Huo ni ujuzi, hata kama haukupatikana chuoni.

Ninachodai ni kwamba majina makubwa huipa filamu uzito pale tu kila mwigizaji anapopewa kazi ya kufanya. Tazameni Murder on the Orient Express ya 1974, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Ndani ya treni moja yumo Albert Finney, Lauren Bacall, Sean Connery, Vanessa Redgrave, John Gielgud na Ingrid Bergman. Kwa hadithi ya mauaji, wingi huo una faida ambayo watu hawaizungumzii: filamu ikiwa na nyota mmoja tu katika nafasi ndogo, mtazamaji mzoefu humshuku mara moja, kwa sababu hakuna anayemlipa nyota ili apite tu na sinia la chai, lakini wote wakiwa nyota, hakuna wa kumshuku kabla ya mwenzake. Bergman alichagua nafasi ya mmisionari mwoga wa Kiswidi. Anapohojiwa na mpelelezi Poirot, kamera inabaki kwake kwa dakika kadhaa bila kukatwa, akibabaika, akitafuta maneno, macho yakikimbia huku na huko, na kwa nafasi hiyo ndogo alipata Oscar yake ya tatu. Kenneth Branagh alipoirudia hadithi hiyo mwaka 2017, alikuwa na Judi Dench, Penélope Cruz, Michelle Pfeiffer na Johnny Depp, lakini kwa maoni yangu wengi wao walibaki kama abiria kweli, kwa kuwa filamu ilimpendelea mno Poirot, ambaye Branagh alimwigiza mwenyewe.

Mfano wa Robert De Niro na Al Pacino unaonyesha jambo hilo hilo. Katika Heat ya 1995, askari anamsimamisha jambazi barabarani, na badala ya kumtia pingu anamwalika kahawa. Wanakaa mezani, wanasimuliana ndoto zao, kisha kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba siku ikifika hatasita kumuua. Katika Righteous Kill ya 2008 wako pamoja karibu filamu nzima, wote wapelelezi wa New York, na sikumbuki hata mazungumzo yao mamoja. Majina ni yale yale. Waliopungukiwa ni walioandika na kuongoza.

Mchangiaji:

Ndugu mtoa mada, nimekuelewa, lakini unamtetea mtazamaji na kusahau anachokisababisha. Soko likishajua kwamba tunanunua majina, litatuuzia majina. Movie 43 ya 2013 ilimkusanya Kate Winslet, Hugh Jackman na wengine wengi, na ikaishia kupewa Razzie, tuzo ya kejeli, ya filamu mbaya kuliko zote. Baya zaidi ni lililotokea Italia mwaka huo huo: mabango ya 12 Years a Slave yalimtanguliza Brad Pitt kwa picha kubwa, ilhali nafasi yake ni ndogo, na Chiwetel Ejiofor, ambaye filamu nzima ni yake, akawekwa pembeni kwa udogo, mpaka watu wakalalamika na mabango yakaondolewa. Hapo mwigizaji Mweusi alifichwa kwa kisingizio cha mtazamaji kama wewe.

Mtoa mada:

Hoja ya mabango naikubali na inaniuma, kwa kuwa waliohusika walitudhania mabaya kisha wakatutumia kama sababu. Hata hivyo, ndugu yangu, jina kubwa linaweza pia kumfungulia mlango asiyejulikana. Katika Sholay ya 1975, watu walimfuata Dharmendra na Amitabh Bachchan, lakini aliyebaki vinywani mwao ni jambazi Gabbar Singh, aliyeigizwa na Amjad Khan, ambaye wakati huo wengi hawakumfahamu. Queen of Katwe ya 2016 ilikuwa na Lupita Nyong'o na David Oyelowo, na wengi wetu tuliitazama kwa sababu ya Lupita, lakini anayeibeba ni Madina Nalwanga, msichana aliyepatikana katika darasa la ngoma jijini Kampala. Lupita anaigiza mama wa binti huyo, na katika matukio yao ya pamoja humwachia binti nafasi.

Academy ya Marekani yenyewe ilitangaza mwaka 2024 kwamba itatoa Oscar ya uteuzi wa waigizaji, kuanzia filamu za 2025. Ikiwa kuwapanga waigizaji ni kazi inayostahili tuzo, kwa nini iwe aibu kwa mtazamaji kuchagua filamu kwa kuangalia kazi hiyo? Anayepinga anitajie filamu aliyoipenda ambayo waigizaji wake wangeweza kubadilishwa wote bila yeye kupoteza chochote.