Hivi mtoto wa sekondari kuwa getini saa 12:45 asubuhi ni kwa faida ya nani?

MamaK_Chanika
Habarini wadau. Binti yangu yuko form two, sisi tunakaa Chanika shule iko mjini. Kila siku namwamsha saa 10 na robo alfajiri, saa 11 kasoro yuko kituoni, maana ikishapita hapo makonda hawataki kusikia habari za mwanafunzi wa sh 200, wanaziba mlango kwa mkono wanapakia watu wazima tu. Vipindi vinaanza saa 1:30 lakini wanatakiwa wawe wameingia saa 12:45 wafanye usafi, ukichelewa fimbo na kufyeka. Juzi nimeingia chumbani nikamkuta kakaa kitandani kalala fofofo, soksi moja kavaa, nyingine ipo mkononi. Halafu mwalimu wa hesabu ananiambia binti yako mvivu anasinzia. Jumamosi kuna kikao cha wazazi nataka nisimame niseme shule ianze saa 2:30 kama kwa wenzetu, niongeeje nisichekwe? Na msiniambie habari ya simu, simu yake saa 3 usiku naichukua nalala nayo mimi.

mkulima_mstaafu
Watoto wa siku hizi mayai tu. Sisi tulitembea pekupeku umande mpaka magotini na shule tumemaliza. Mlaze mapema basi.

nesi_wa_zamu
Mzee hapo juu, shikamoo, ila hilo la kumlaza mapema ndo lenyewe halifanyi kazi. Mtoto akishabalehe, homoni ya usingizi, melatonini, inachelewa kutoka, inaweza kusogea hadi kama masaa mawili ukilinganisha na alipokuwa mdogo. Yani unamzimia taa saa 3 anabaki anahesabu mabati mpaka saa 5, sio jeuri, mwili wake haujaanza usiku bado. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anatakiwa alale masaa 8 hadi 10. Sasa Mama K piga hesabu, usingizi umemshika saa 5 umemwamsha saa 10 na robo, hayo ni masaa matano na dakika 15, na kesho tena hivyohivyo. Mimi nikitoka zamu ya usiku siruhusiwi hata kukosea kuhesabu vidonge, yeye anapewa aljebra.

bongo_seattle
Nipo Seattle, hili nimeliona. 2016 huku walisogeza sekondari nyingi kutoka saa 1:50 mpaka saa 2:45 asubuhi. Watu wakasema watoto watakesha tu na magemu, chuo kikuu cha Washington wakawavalisha wanafunzi saa za mkononi za kupima usingizi kabla na baada, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kila siku ya shule. Zinaonekana ndogo ila mwanangu niliacha kumvuta miguu. California nao wana sheria, tangu Julai 2022 sekondari za juu nyingi haziruhusiwi kuanza kabla ya saa 2:30.
Ila nisikudanganye, kelele zilikuwepo, mabasi yaleyale ndo yanabeba na wa msingi, kwa hiyo ukisogeza hawa lazima wale wadogo watangulie. Florida walipitisha sheria kama hiyo 2023, halafu 2025 wakaifuta hata haijaanza, wilaya zimelia mabasi na gharama.

ticha_chaki
Mimi mwalimu, shule ya kata, Dar hii hii. Mama K ukisimama ukasema saa 2:30 mkuu wa shule atakumaliza kwa swali moja tu: watoke saa ngapi? Ukisogeza asubuhi saa nzima na jioni inasogea, binti anashuka Chanika giza limeshaingia, kutoka kituoni mpaka nyumbani ni bodaboda, hapo wazazi wenzako wote watakugeuka. Na saa 1 asubuhi ndo foleni imekaza, konda atamwacha vilevile. Hiyo ratiba ya vipindi achana nayo. We komaa na usafi. Kufagia uwanja saa 12:45 hakupo kwenye ratiba ya masomo, ni utaratibu wetu tu sisi walimu, unaweza kufanyika mchana vipindi vikiisha, dakika 20 na uwanja unaonekana. Hapo umeshamrudishia mtoto nusu saa bila mkuu kuomba kibali popote.
Na kweli kipindi cha kwanza huwa nafundisha vipara, vichwa vyote viko juu ya dawati.

wa_Kayole
Huku Kenya kanuni ziko, za 2015, masomo kwa shule za kutwa ni saa 2 asubuhi mpaka saa 9 na nusu. Lakini enda stage saa 11 uone watoto na mabegi. Shule inasema hiyo ya asubuhi ni preps na ni hiari ya mzazi, halafu wako akikosa anaitwa mbele. Kwa hivyo mama mkikubaliana, iandikwe kwa minutes za mkutano, ya mdomo itarudi term ijayo.

MamaK_Chanika
Asanteni sana, ticha umeniokoa, nilikuwa naenda kujiaibisha na California yangu. Nimeongea na mama wawili wa Gongo la Mboto na baba mmoja wa Pugu, tunasimama wanne, tunaomba usafi uhamie baada ya vipindi na geti iwe saa 1:15. Nimemwambia binti kasema "mama usinitaje jina." Sasa hivi saa 4 na nusu usiku, namsikia anajigeuzageuza.

mkulima_mstaafu
Marahaba nesi. Mimi shuleni nilikuwa nalala hesabu kweli, nilipata F.