Slaidi nyepesi za tromboni: wauzaji acheni kuzisukuma kwa bendi za barabarani, halafu mseme tumetumia vibaya

Wakuu salaam. Nina hasira na sitaificha.

Waumini walichangia kwaya yetu ya tarumbeta tukanunua tromboni mpya, ile ya kuvuta na kusukuma slaidi (mabomba mawili ya nje yanayoteleza juu ya mawili ya ndani) ili kubadili noti. Tulimweleza muuzaji kazi yetu kabla ya kulipa: Jumamosi tuko nyuma ya kirikuu tunaongoza msafara wa harusi, matuta na vumbi, Jumapili ibada, katikati ya wiki msiba. Akasema chukueni hii yenye slaidi nyepesi, ndiyo ya daraja la juu, haichoshi mkono. Mkono kweli hauchoki, hilo sibishi. Ila mwaka haujaisha, na kipande cha haraka hakipigiki tena.

Slaidi ya kawaida mabomba yake ya nje ni shaba ya njano. Hizi nyepesi wanatumia mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, unaong'aa kama fedha japo hauna fedha hata chembe, na bomba linafanywa jembamba zaidi. Muuzaji atakwambia madini hayo ni magumu kuliko shaba ya njano na hayaliwi na mate upesi. Ni kweli, lakini ukipunguza unene wa bomba, ugumu huo hautakusaidia likigongwa na stendi ya noti. Na kati ya bomba la ndani na la nje nafasi ni finyu mno, kwa hiyo kibonyeo kisichoonekana kwa macho kinatosha kukwamisha. Chetu kiko bomba la chini, karibu na pozisheni ya nne (moja ya zile sehemu saba unakosimamisha slaidi kupata noti). Ukikitazama hukioni, mpaka upitishe ukucha.

Tukairudisha dukani. Jibu: "Hamsafishi, hamtii mafuta." Nikaichomoa palepale mezani nikamwonyesha. Krome, yaani mpako mgumu wa mabomba ya ndani, kule mwishoni yanakonenepa, imelika upande mmoja tu, mpaka madini ya chini yanaonekana. Upande wa pili inang'aa kama mpya. Ingekuwa ni uchafu, ingelika pande zote! Nikavalisha bomba mojamoja: la juu peke yake linateleza safi, la chini linakwama penye kibonyeo tu. Valisha yote mawili pamoja, inakaza njia nzima. Maana yake mabomba hayako sambamba, na kukaza huko kulikuwepo tangu siku tunaichukua. Tulipouliza wakati ule tukaambiwa "italainika ikizoea mkono". Slaidi hailainiki kwa kuzoea, wakuu. Inajisaga mpaka krome inaisha, na krome ikiisha hakuna mafuta yatakayoirudisha.

Kuitengeneza nako ni kazi. Inatakiwa chuma cha duara kilichonyooka, kinachoingia bomba kwa kipimo chake, na kinyundo chepesi kwa mkono wa anayejua. Fundi wa redieta akishaiwekea moto, bomba jembamba hivyo linapinda, mmepoteza slaidi yote.

Tuna tromboni nyingine kuukuu, slaidi nzito ya shaba. Imeanguka mara nyingi, kona yake ya chini imebonyea vibaya (pale bomba la ndani halifiki, kwa hiyo haidhuru), na ndiyo inayobeba harusi zote sasa hivi.

Sisemi slaidi nyepesi zisiuzwe. Mpiga solo wa ukumbini, anayeitoa kwenye kesi ngumu na kuirudisha mwenyewe, inamfaa. Ninachotaka muuzaji aandike kwenye risiti kuwa slaidi ni nyepesi au ya kawaida, mabomba ni ya madini gani, na amwache mnunuzi aijaribu bomba mojamoja kabla hajatoa hela. Duka likikukatalia jaribio hilo, ondoka.

Na kama kuna anayemjua fundi mwenye vile vyuma vya kunyooshea slaidi, Arusha, Dar au hata Nairobi, aniambie hapahapa kwenye uzi. Fundi wa kulehemu msinitajie.